Kete Ishirini na Nne

Juu ya meza ya Mwaisha Chande, fundi wa nguo wa hapa kwetu Ufukoni, kuna kompyuta, na kando ya kompyuta kuna mkebe wa shanga. Wateja wapya wakiuona mkebe ule hudhani anauza shanga pia, na wengine huuliza bei. Mwaisha huwajibu kwa kifupi, "Hizo za kupimia," kisha hurudi kwenye kazi yake, nami niliyekaa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni hugeuza uso nikacheka pembeni. Mwaka jana wakati kama huu mwanamke huyu angekwambia shanga ni mambo ya mabibi na vipimo ni mambo ya kompyuta. Sasa tunalicheka jambo lile wote wawili, naye hucheka kunishinda, lakini kulikuwa na Ijumaa moja ambayo hakuna aliyecheka.

Mimi ni Mwalimu Jesca. Nafundisha hesabu sekondari, nimezaliwa Tukuyu, na Mtwara nimeletwa na kazi ya mume wangu Petro bandarini. Huu mwaka wa kumi na moja. Ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa karakana ya Mwaisha, kwa hiyo cherehani yake naijua ikifurahi na ikinuna. Nasema haya ili mjue kwamba ninayoyasimulia sikuyaokota sokoni.

Mwaisha hajui kuomba msamaha. Hilo nalo mlijue mapema. Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mikono midogo, ulimi mkali. Akikosea nguo yako hasemi pole. Ataichukua, ataifumua mbele ya macho yako, ataishona upya, na atakukabidhi kana kwamba ndivyo ulivyoagiza tangu mwanzo. Mumewe alifariki mtoto wao Zulfa akiwa na miaka sita. Siku ya arobaini, watu walipoanza kutawanyika, alimkalisha mtoto kwenye stuli ya cherehani akamwambia mbele ya mashangazi, "Baba hayupo. Lakini siku ya kuolewa utavaa nguo ya mkono wangu, hutaomba kwa mtu." Mashangazi hawakusahau. Zulfa hakusahau. Mwenyewe ndiyo kabisa.

Kushona alijifunza Mikindani kwa Mzee Nuhu, Mungu amrehemu, fundi wa zamani aliyekuwa akiacha akiba ya vidole vinne ndani ya kila mshono. Mzee yule aliamini kila mteja atanenepa, na wengi kwa kweli walinenepa. Mwaisha alimheshimu, ila akiba ile ilimuudhi. Aliona kitambaa kizuri kinafichwa ndani ya nguo bila sababu.

Kompyuta ililetwa na mimi, kwa hiyo lawama nyingine nibebesheni mimi. Ofisi ya Petro ilibadilisha vifaa, tukapata kompyuta kuukuu yenye kitufe kimoja kilichong'oka, nikampelekea jirani yangu aitumie kuangalia mitindo. Mitindo aliangalia wiki moja. Wiki ya pili akaanza kutazama video za watu wanaochora nguo bila karatasi wala chaki. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akawa ananiita kupitia ukutani, "Mwalimu! Huyu anasemaje hapa?" Namwacha Petro na chai yake, naenda kutafsiri. Baada ya mwaka mmoja mimi ndiye niliyekuwa naelekezwa.

Programu yenyewe ni ya bure. Unaingiza vipimo vya mtu, nayo inakuundia mwanasesere mwenye umbo lake. Unamvalisha gauni, unamzungusha, unaona kitambaa kinavuta wapi na kinalegea wapi. Ukiridhika, gauni linafunguka vipande vipande na vipande vinajipanga vyenyewe juu ya kitambaa, vimebanana kiasi kwamba hakipotei hata kiraka cha mfukoni. Mwanasesere wake wa kwanza alikuwa Zulfa. Kila mshono mpya ulianzia kwa Zulfa wa ndani ya kompyuta, halafu Zulfa wa kweli anauvaa, anapigwa picha, picha inawekwa Instagram. Wateja wakaanza kupatikana mpaka Masasi na Lindi, wanatuma vipimo kwa simu na nguo inawafuata kwa basi. Vidole vinne vya Mzee Nuhu vikawa sentimita moja. Ukimuuliza, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Kompyuta haibahatishi, Mwalimu."

Zulfa akachumbiwa na kijana wa Nanyamba, mtoto wa wakulima wa korosho, mpole, mwenye haya za kutosha watu wawili. Harusi ikapangwa Novemba, watu wakishauza korosho zao. Mwaisha alianza kuchora gauni mwezi wa nane. Alitoa kabatini mkeka wa marehemu mama yake, uliosukwa kijijini Kitaya kule mtoni, akaupiga picha juu ya saruji mchana kweupe, akaketi siku kumi na mbili akiyafuatisha mapambo ya ukili kwa kidole juu ya kioo cha simu. Rangi zake za zambarau na kijani akazitoa. Akaweka rangi ya bibo, tunda la mkorosho, lile lililoiva likawa jekundu upande mmoja na upande wa pili bado la njano. Mapambo yalianza madogo kiunoni yakapanuka kadiri yalivyoshuka, hadi chini kabisa yakawa makubwa kama yalivyo kwenye mkeka wenyewe. Nimeishi na mafundi wa nguo kote nilikopangiwa kazi, na sijaona kitu kama kile. Nilimwambia hivyo. Akajibu, "Najua."

Faili alilituma Dar es Salaam kwa Godfrey, mtu mwenye mashine ya kuchapa picha juu ya satini. Godfrey hachapi jora zima. Anachapa kila kipande cha gauni kwa umbo lake, mkono kama mkono, kifua kama kifua, na nje ya mstari kitambaa kinabaki cheupe. Mita nne zilifika na basi, zikakatwa, zikashonwa, na mwanzoni mwa Novemba gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, limekamilika mpaka zipu. Mashangazi walipita mmoja mmoja kulitazama.

Wakati huo Zulfa alikwisha kuwekwa ndani. Kwa ukoo wao wa Mikindani bado ni lazima. Mwali hukaa kwa somo wake, mwanamke wa kumfunda, majuma matano kabla ya ndoa, anasingwa, anafundwa, analishwa, haonekani na mtu, hata mama yake mzazi. Somo wa Zulfa ni Bi Rehema, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambaye amewatoa wali wa nusu ya Mikindani. Sheria zake ni chache na hazina mlango wa nyuma. Mojawapo ni kwamba simu haivuki kizingiti chake.

Ijumaa, siku nane kabla ya harusi, Bi Rehema alikuja Ufukoni kuchukua udi na kanga. Nilikuwepo kwenye kiti changu. Aliingia, tukamwamkia, akaitikia, macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye gauni.

"Mashaallah," alisema. Akalisogelea, akaweka viganja vyake viwili kiunoni mwa gauni, kimoja kila upande, akavitazama. "Hili la nani?"

"La mwali wako, somo," Mwaisha alijibu huku anatabasamu.

"Mwali wangu yupi?"

Mwaisha aliendelea kutabasamu, lakini nilimwona mkono ukipanda kwenye futi iliyoning'inia shingoni mwake.

"Mwali niliye naye mimi amenawiri," Bi Rehema alisema. Haikuwa lawama, alikuwa anajisifia kazi yake, na ana haki. "Nimemwongezea kete mara tatu. Asubuhi uji wa korosho, mchana wali wa nazi na samaki, jioni maziwa. Na hasumbui kula, mtoto ana adabu."

Habari ya kete nilielezwa baadaye, na mengine niliyoelezwa sitayaandika. Kwa ufupi, siku ya kwanza somo humfunga mwali shanga nyongani, zikae sawasawa, zisibane wala zisicheze. Zikianza kubana, somo anazifungua, anaongeza punje sita za shanga, ndizo kete zenyewe, anafunga tena. Hivyo ndivyo anavyojua kwamba chakula chake kinafanya kazi.

"Mara tatu?" Mwaisha aliuliza.

"Mara tatu."

Mimi mwenyewe nilishaelewa. Zulfa aliyemo kwenye kompyuta alikuwa wa mwezi wa nane, na mwezi wa nane alikuwa bado ana vipimo vya miaka miwili nyuma, kwa sababu Mwaisha aliona hakuna haja ya kumpima mtoto anayemjua kuliko kiganja chake, na nguo za vipimo vile zilikuwa bado zinamkaa sawasawa. Kila fundi wa pwani hii anajua mwali hutoka ndani mwenye mwili. Mwaisha pia alijua. Alilijua jambo hilo maisha yake yote, na kompyuta ilimsahaulisha kwa sababu haikumuuliza.

"Somo, nitakuja na futi nimpime," alisema.

"Huingii."

"Basi nenda nayo wewe."

"Anayepimwa na futi akiwa ndani ni wa kukatiwa sanda. Wangu mzima."

"Basi mpige picha. Picha mbili tu, ya mbele na ya ubavuni. Nikupe simu yangu."

Bi Rehema alimtazama kana kwamba ameombwa ampeleke mwali stendi. "Mama Zulfa. Simu kwa mwali?"

Hapo ndipo ulimi wa Mwaisha ulipofanya kazi yake. "Haya, basi mvishe hizo shanga zako aolewe nazo!"

Nilitamani sakafu inimeze mimi, ambaye sikusema kitu. Bi Rehema alijifunika buibui lake taratibu, akasema "Mwalimu, kwaheri," akaniaga mimi peke yangu, akatoka. Udi na kanga vilibaki mezani.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka na ukuta uko kimya. Sijawahi kusikia kimya kile siku ya kazi. Nilikwenda nikamkuta amekaa sakafuni, gauni mapajani, amelipindua ndani nje, anapima mishono. Sentimita moja huku, sentimita moja kule. Akiachia mishono yote ya ubavu angepata kidole kimoja, na nje ya mstari kulikuwa na kitambaa cheupe.

"Nimemwaibisha mwanangu," alisema. Hakulia. Alisema vile kama mtu anayesoma kipimo kwenye futi. "Watu wa Nanyamba watakuja, mashangazi watakuwepo, na mtoto atatoka na nguo ya kuazima. Miaka kumi na saba namwahidi kitu kimoja."

Nikamwuliza swali la kitoto, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo. "Hizo kete, zote ziko sawa?"

"Sawa kivipi?"

"Ukubwa. Moja haipiti nyingine?"

"Za dukani, zinatoka mkebe mmoja. Ziko sawa."

"Basi somo wako amempima. Amempima mara tatu, na majibu anayo. Kete sita mara tatu ni kumi na nane. Tukijua upana wa kete moja tunajua mtoto ameongezeka kiasi gani nyongani."

Aliendelea kupima mshono. Nilidhani hajafuata hesabu. Alikuwa ameifuata kunishinda.

"Hesabu siyo tatizo, Mwalimu," alisema. "Tatizo ni kugonga ule mlango."

Tulipanda bajaji mpaka Mikindani, yeye na gauni ndani ya mfuko, mimi na udi na kanga mapajani. Bi Rehema tulimkuta uani anasugua liwa, mti wa manukato wa kumsingia mwali, juu ya jiwe. Akaitikia salamu, akatuonyesha mkeka, akaendelea kusugua. Hakuuliza tumefuata nini.

Mwaisha aliketi. Akalitoa gauni, akalitandaza juu ya magoti yake ili somo alione, akachomoa kimkasi kidogo kwenye kifundo cha kanga yake, akaanza kulifumua. Alianzia ubavu wa kushoto, uzi baada ya uzi, bila haraka. Rangi ya bibo ikawa inaachana vipande viwili pale uani. Kazi ya majuma matatu. Mimi roho iliniuma, nikataka kumshika mkono, nikajizuia. Bi Rehema aliacha kusugua.

"Nimekosea, somo," Mwaisha alisema, macho kwenye uzi. "Kwa maneno, na kwa kukata."

Miaka kumi na moja ya ukuta mmoja, nilikuwa sijamsikia kusema hivyo.

Bi Rehema alifuta mikono kwenye kitambaa. "Nuhu hakukata nguo ya mwali bila kutuma mtu kwangu," alisema. "Hukuwahi kuona? Anakuja mtu hapa mlangoni, anauliza, kete ngapi? Namwambia. Halafu na yeye anaongeza vidole vyake kwa sababu anajua nitaendelea kumlisha."

"Nilidhani anaulizia mahari," Mwaisha alisema.

Somo akacheka kwanza. Halafu mimi. Mwaisha alicheka mwisho, mkasi ukiwa bado mkononi. Ndani, nyuma ya pazia, mtu alikohoa. Kikohozi kifupi, cha makusudi. Mwaisha aligeuka upesi. Mwali haruhusiwi kusema na mama yake, lakini kukohoa hakujakatazwa na mtu. Macho ya Mwaisha yalijaa machozi, akarudi kwenye uzi wake.

Bi Rehema aliingia ndani akatoka na mkebe wa bati. Shanga zilizokuwa mwilini kwa mwali hakuzigusa, hizo haziendi popote. Alihesabu kete nyingine za aina ile ile, kumi na nane, akazitunga kwenye uzi. Mwaisha alizinyoosha juu ya futi yake. Sentimita saba na kidogo.

"Usifunge bado," nilimwambia somo. "Mpaka Jumamosi zimebaki siku saba. Utaendelea kumlisha?"

"Kwani nimwache na njaa kwa ajili ya kompyuta? Jumatano naongeza sita."

"Basi ishirini na nne," Mwaisha alisema, na Bi Rehema akaongeza sita nyingine. Karibu sentimita kumi. Gauni lile la kwanza lisingepita hata nusu.

"Na kifuani?" Mwaisha aliuliza kwa upole, kama mwanafunzi.

Somo alifumba macho, akapima hewani kwa mikono yake miwili, mikono ambayo imemsinga mtoto yule kila siku kwa mwezi mzima. "Kete kumi na mbili. Mkono, kete tano. Mabega yaache kama yalivyo, mabega hayali."

Nikaandika yote nyuma ya risiti ya bando. Bi Rehema akatukabidhi uzi wa kete ishirini na nne, akauchukua udi wake, akaunusa, akaridhika. Wakati tunaondoka alimwita Mwaisha. "Vidole vingapi utaacha safari hii?"

"Vinne, somo."

"Haya, nenda kafanye kazi."

Mchana ule ule tuliketi mbele ya kompyuta. Mwaisha alifungua faili la Zulfa. Alipofikia nafasi ya nyonga, alifuta namba ya zamani na kuandika mpya, kisha kifua, kisha mkono. Mwanasesere alitulia kidogo, kama anayefikiri, halafu akajaa. Nyonga zikapanuka, kifua kikapanda, mikono ikanenepa kidogo juu ya viwiko. Yule msichana mwembamba wa picha za Instagram aliondoka mbele yetu akabaki mwanamke.

Mwaisha alimzungusha polepole, mara moja, mara mbili. Nilitegemea aseme jambo la mishono.

"Kumbe amekuwa mtu mzima," alisema. "Na mimi nilikuwa naye humu ndani kila siku, nisione."

Baada ya hapo kazi ilienda, na hii ndiyo sehemu ninayopenda kuwasimulia wanaosema kompyuta inaharibu ufundi. Mapambo ya mkeka yalikuwa yamehifadhiwa yote. Hakuna siku kumi na mbili za kufuatisha ukili kwa kidole. Gauni lilijipanua lenyewe juu ya umbo jipya, mapambo yakafuata, na palipovuta begani Mwaisha aliparekebisha kabla chai yangu haijapoa. Akaweka akiba ya vidole vinne kila mshono. Programu ikamwonya kwamba vipande havitoshi tena kwenye mita nne. "Nyamaza wewe," aliiambia, akaandika mita tano. Saa tisa alasiri faili lilikwenda kwa Godfrey. Mtandao ulisuasua likafika nusu likasimama, tukaongeza bando, likaendelea. Godfrey akapiga simu.

"Mama, faili nimelipata. Lakini mbona umeacha kitambaa kingi hivi pembeni? Si kawaida yako."

"Wewe chapa, baba. Na rangi ifike mpaka mwisho wa akiba. Usiniachie weupe."

Jumatatu alichapa, Jumanne jioni furushi lilikuwa stendi. Kukata, kushona, bitana, zipu. Kuanzia Jumatano mpaka Ijumaa mchana ukuta wangu uliimba, na Petro, ambaye kwa kawaida hulalamika kwamba anatazama mpira na cherehani, alisema hajawahi kufurahia kelele kiasi kile. Ijumaa saa nane kelele zilikatika. Nikaenda. Gauni lilikuwa ukutani, na fundi wake amelala usingizi kwenye kiti changu cha plastiki, mdomo wazi.

Jumamosi tuliketi barazani kwa Bi Rehema, mimi, Mwaisha na mashangazi wawili wale wale wa siku ya arobaini. Gauni lilikwisha kupelekwa ndani. Mwaisha alikuwa amevaa nguo mpya, kajipaka wanja, kapendeza, na shingoni kasahau futi. Kwenye mkoba wake alikuwa na sindano sita zenye uzi wa rangi ya bibo, kimkasi na kipande cha bitana. Nilijua kwa sababu aliufungua kila baada ya dakika mbili kuhakikisha. Ndani kulikuwa kimya. Nilijikuta nahesabu kete kimoyomoyo, na mimi hata si wa ukoo ule.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Bi Rehema akatoa kichwa.

"Mama Zulfa, ingia."

Shangazi mmoja alishtuka. "Somo, mama haingii mpaka..."

"Zipu ni kazi ya fundi," Bi Rehema alisema, akamshika Mwaisha mkono akamvuta ndani.

Yaliyofuata sikuyaona. Mwaisha amenisimulia mara nyingi, na kila mara kwa maneno yale yale, kwa hiyo naamini. Zulfa alikuwa amesimama kampa mgongo. Harufu ya udi na liwa. Mgongo ule hakuujua mara moja. Alishika zipu chini kabisa, mahali ambapo nguo ya kubana hugomea, akaivuta. Ikapanda. Ikapita kiunoni, haikusimama. Ikapita mbavuni. Ikafika juu, akafunga kindoana, akaweka kiganja chake juu ya mshono na kuusikia mgongo wa mwanawe unapanda na kushuka chini ya satini, taratibu, bila kubanwa.

Zulfa hakugeuka. Bado alikuwa mwali, na somo alikuwa amesimama pale pale. Lakini alisema kwa sauti ndogo, "Mama, napumua."

Bi Rehema ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Kikatoka nje kikatufikia barazani, mashangazi wakakidaka, na mimi Mnyakyusa nisiyejua kupiga kigelegele nikapiga hivyo hivyo, kikatoka vibaya, hakuna aliyejali.

Mwaisha alitoka, akaja kuketi kando yangu. Akagundua futi iko shingoni. Akaivua, akaikunja vizuri, akaniwekea mikononi nimshikie, ndipo akaegemea bega langu akalia machozi yote ya miaka kumi na saba, wanja ukashuka mpaka kidevuni, na nguo yangu ya harusi ikaharibika kabisa.

"Niletee kesho," alisema huku analia. "Nitakufulia."